Puli ya Sentimita Arobaini na Nane

Ninyi mnaosoma hesabu za herufi na kuzichukia, nisikilizeni mimi niliyewahi kuchoma pamba ya watu kwa sababu ya herufi moja.

Nimefanya kazi ya mota na mashini zaidi ya miaka thelathini, kuanzia mjini Baraka na baadaye sehemu nyingi. Nimekatwa, nimeungua, nimelaumiwa kwa haki na bila haki. Lakini mtu akiniuliza juu ya kazi, akili yangu inakimbilia wiki tatu tu za miaka ya hamsini, enzi za Wabelgiji, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, mke mmoja, mtoto mmoja anayetambaa, na kiburi cha watu kumi.

Kiwanda chetu cha pamba kilikuwa kidogo, jengo refu la mabati karibu na ziwa. Ndani kulikuwa na mota moja na mashini moja ya kuchambua pamba, yenye safu ya misumeno ya duara inayonyofoa nyuzi na kuacha mbegu. Mota na mashini havikugusana. Kati yavyo ulipita mkanda wa ngozi wa mita kumi na mbili, umezungushwa kwenye gurudumu la mota upande huu na gurudumu la mashini upande ule. Magurudumu hayo tuliyaita puli. Zetu zilikuwa za mbao, na aliyezichonga alikuwa fundi Ramazani.

Fundi Ramazani alikuwa mtu wa Baraka tangu babu zake, Mwislamu, mpole, aliyekuwa akiunda mitumbwi mikubwa kabla kiwanda hakijamwita. Namba za kwenye mita ya kupimia alizijua. Herufi za shule hakuzijua. Puli yake aliiunga kwa vipande vya mvule vilivyopishana, nyuzi za mti huu zikikatiza nyuzi za mti ule, ili isipasuke. Na puli haiwi bapa. Katikati yake inaachwa kitumbo kidogo ambacho jicho halikioni, kiganja tu ndicho kinakijua. Wiki yangu ya kwanza niliona kile kitumbo, nikadhani mzee amekosea, nikachukua randa nikakisawazisha ili nimsaidie. Tulipowasha, mkanda ulitoka pembeni kama nyoka aliyekanyagwa, ukapiga birika la chai la kapita, msimamizi wetu, likaruka mpaka dirishani. Ramazani hakunigombeza. Alichukua kiganja changu, akakipitisha juu ya puli nyingine.

"Sikia tumbo," alisema. "Mukanda inapenda kupanda. Ukiiwekea kilima pa katikati, haishuke tena."

Nilishangaa sana. Mpaka leo nashangaa. Ngozi iliyokufa inapanda kilima yenyewe na kukaa juu.

Sasa ile habari yenyewe. Mwaka ule, pamba ikiwa imejaa mpaka mlangoni, mota yetu ya zamani ilivunjika shina, ule mhimili wake unaozunguka. Meli ikaleta nyingine kutoka bandari ya Albertville, na meli hiyohiyo ikamchukua mzungu mkuu wa kiwanda, anatetemeka kwa homa, kwenda hospitali huko. Akaacha amri kwa kapita kwamba mashini itembee kabla mvua haijaanza. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima ya ng'ambo. Mnajua pamba ile ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya watu wa vijiji vyote vya pwani, waliolazimishwa na serikali kila nyumba ilime shamba lake. Ikilowa inaoza, na aliyepinda mgongo miezi sita anabaki mikono mitupu.

Mota mpya ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini ya mbio. Kibao chake cha chuma kilisema mizunguko mia tano kwa dakika. Ile ya zamani ilikuwa inafanya mia tatu. Kwa hiyo puli ya zamani haikufaa. Ilitakiwa mpya, na lazima tujue ukubwa wake, kwa sababu misumeno ile ilitaka mizunguko mia nne kamili. Ikipungua, pamba inakwama. Ikizidi, misumeno inasuguana na mbegu mpaka moshi.

Mzungu alikuwa na daftari. Mimi peke yangu ndiye niliyeruhusiwa kulifungua, maana nilikuwa nimemaliza darasa la sita Fizi, kwenye shule ya misheni. Ukurasa wa kwanza uliandikwa mstari mmoja:

n = D × N ÷ d

Herufi kubwa zilikuwa za mota: D ni upana wa puli yake, N ni mizunguko yake. Herufi ndogo zilikuwa za mashini: d ni upana wa puli yake, n ni mizunguko yake. Kila Jumatatu niliutumia mstari ule kupima mwendo wa mashini. Puli ya mota sentimita themanini, mara mia tatu, gawanya kwa puli ya mashini ambayo ni sitini, unapata mia nne. Niliukariri kama sala. Na kama sala za watu wengi, sikuwa nimeuliza maana yake.

Sasa kapita hakuniuliza n. Aliniuliza D.

"Mupatie Ramazani kipimo," alisema. "Batu ya kijiji ya Mboko beko njiani na pamba tena. Mi niiweke wapi?"

Nikakaa juu ya gunia na kalamu. Nilikumbuka kwamba shuleni kuna mchezo wa herufi kuhama kutoka upande huu wa alama ya sawasawa kwenda ule. Jinsi zinavyohama sikukumbuka. Nikabadilishana tu n na D, kila mmoja akakaa kwenye kiti cha mwenzake. Mia nne mara mia tano, gawanya kwa sitini. Nikapata elfu tatu mia tatu na zaidi. Puli ya mita thelathini na tatu! Ingebidi tubomoe kiwanda na sehemu ya soko.

Mngefikiri hapo ningesimama. Sikusimama, kwa sababu kapita alikuwa ananitazama. Nikaendelea kuzisukuma herufi huku na huku, hii juu, ile chini, mpaka ikatoka namba inayofanana na puli: sitini mara mia tano, gawanya kwa mia nne, sabini na tano. Ya zamani ilikuwa themanini, na hii ni sabini na tano. Ilikaa vizuri machoni, nikaipigia mstari chini mara mbili.

Ramazani alipopokea ile karatasi aliisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Sabini na tano," alisema.

"Ndiyo, Fundi."

"Na hii mota iko na mbio kupita ile."

"Ndiyo. Ndiyo maana tumeipunguza kutoka themanini."

Akaangalia mota, akaangalia mbao zake. Kisha akaanza kupima.

Alichonga siku tatu. Tulipofunga mkanda na kuwasha, sauti ilikuwa si ile niliyoizoea. Mashini haikuunguruma, ilipiga mluzi. Wafanyakazi wakashangilia, pamba nyeupe ikaanza kutoka kama povu la ziwa siku ya upepo. Labda dakika kumi. Kisha nikasikia harufu, kama ya mtu anayekaanga karanga. Kabla sijageuka, mdomo wa mashini ulikuwa mwekundu.

Pamba haiungui kama kuni. Moto unapita juu yake kama mtu anayekimbia. Kapita alizima mota. Watu wakafanya mstari mpaka ziwani, ndoo zikapita mkono kwa mkono, bamama waliokuwa wamekuja kupimisha pamba yao wakachukua mabeseni. Mimi nilisimama tu. Ramazani ndiye aliyeingiza mikono yake miwili ndani ya mashini, akavuta lile bonge la pamba inayowaka, akalikumbatia mpaka nje, akalitupa mchangani.

Hakuna aliyekufa. Marundo matatu ya pamba yaliungua. Mikono ya Ramazani ilivimba, ngozi ikatoka. Mke wake, mama Zaina, aliipaka siagi ya ng'ombe iliyoshuka kutoka milimani Bibokoboko, na muuguzi alipofika akagomba juu ya siagi ile mpaka watu wakaja kutazama, akaifuta yote na kuifunga mikono kwa vitambaa.

Kapita akaniuliza: "Ni nini iliharibika?"

Nikasema: "Mota. Mota ni mbaya."

Mkumbuke nimewaambia hivyo. Ilinitoka bila kufikiri, kama mtu anayejikinga uso. Kapita akaamua kwamba meli ikirudi baada ya siku nane, mota irudishwe Albertville. Maana yake hakuna kuchambua mwaka ule, na mvua ingekuta ile pamba yote palepale ilipo.

Kesho yake nilikwenda kumsalimia Ramazani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono yake mbele yake kama vitu vya mtu mwingine.

"Mi nilijua," aliniambia polepole. "Mota ya mbio inaomba puli kadogo. Ile yangu ilikuwa kubwa. Mukono yangu ilikataa toka siku ya kwanza."

"Fundi, kwa nini haukusema?"

"Karatasi ilisema. Mi ni nani ya kubishana na karatasi?"

Vijana, sijawahi kupigwa na neno kama lile. Mtu aliyejua ukweli kwa mikono yake aliinamia ujinga wangu, kwa sababu tu ujinga wangu ulikuwa umeandikwa.

Asubuhi iliyofuata, alfajiri, nilianza kupanda kwenda Fizi. Nusu ya njia nilitembea, nusu nilipata nafasi juu ya lori la mihogo. Nilimkuta mwalimu wangu wa zamani, mwalimu Ebuela, anapalilia maharage nyuma ya shule, suruali imekunjwa. Nikamweleza yote, pamoja na ule uongo. Alifuta vumbi mikononi, tukaingia darasani, akanipa chaki.

"Andika vile daftari inasema."

Nikaandika. n ni sawa na D mara N, gawanya kwa d.

"Nani alikufundisha herufi zinahama?"

"Wewe, mwalimu."

Akacheka kidogo. "Basi nilikufundisha vibaya. Herufi hazihame. Hazina miguu. Huu mustari unasema kitu moja tu: upande huu na upande ule ni sawasawa. Ukitaka ibaki kweli, kila kitu unachofanya huku, ufanye na kule. Sasa niambie, d iko pale inafanya nini?"

"Inagawanya."

"Tuiondoeje?"

Nilifikiri. "Nikizidisha kwa d, itafutika."

"Upande moja?"

"Pande mbili."

"Fanya."

Nikaandika: d mara n ni sawa na D mara N. Nikarudi nyuma kidogo. Sijui kama nitaweza kuwaeleza. Mstari ulikuwa umenyooka, mashini yote upande mmoja, mota yote upande wa pili, kama kiwanda chetu kilivyokaa chini ya mabati, na mkanda ule wa ngozi ulikuwa ndiyo ile alama ya sawasawa katikati. Miaka miwili nilikuwa napita kati ya vitu hivyo viwili kila siku na sikuviona.

"Sasa unatafuta nani?"

"D."

"Anakaa na nani?"

"Na N. Wanazidishana."

"Basi?"

Sikungoja aniambie. Niligawanya pande zote mbili kwa N, na D akabaki peke yake. D ni sawa na d mara n, gawanya kwa N. Sitini mara mia nne, elfu ishirini na nne. Gawanya kwa mia tano. Arobaini na nane.

"Usiamini," alisema mwalimu. "Irudishe."

Arobaini na nane mara mia tano, elfu ishirini na nne. Sitini mara mia nne, elfu ishirini na nne. Pande mbili zilikuwa sawa.

"Sasa weka ile sabini na tano yako."

Niliiweka. Sabini na tano mara mia tano, elfu thelathini na saba na mia tano. Gawanya kwa sitini. Mia sita ishirini na tano. Misumeno iliyotaka mia nne nilikuwa nimeipa mia sita ishirini na tano.

Chaki ilibaki hewani. Moto wote ule, harufu, mikono ya Ramazani, ulikuwa umekaa tayari kwenye karatasi yangu siku tatu kabla haujawaka, na mtu yeyote aliyejua kusoma angeuona na kuuzima kwa kalamu. Nilianza kulia mbele ya mwalimu wangu, mtu mzima mwenye mtoto. Akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha mke wake akaleta ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, tukala.

Nilishuka Baraka siku ya pili. Nikaenda kwanza kwa kapita, nikamwambia mota ni nzima, mbovu nilikuwa mimi. Alinitukana maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha akauliza: "Siku ngapi?" Zilikuwa zimebaki tano kabla meli haijarudi.

Ramazani aliletwa kiwandani, akaketi kwenye kiti, mikono imefungwa kwa vitambaa vyeupe, na mimi nikashika patasi. Nilichonga kwa mikono yangu na akili yake. "Toa kidogo hapo. Basi. Geuza. Hapana, unaumiza muti." Alipotaka kujua kitumbo kimekaa vizuri, aliinama akapitisha shavu lake juu ya puli, kwa sababu viganja hakuwa navyo. Siku ya nne tukafunga.

Sasa, jinsi ya kujua mwendo bila chombo cha kupimia, na hili lishikeni. Unafunga kitambaa kwenye kiungo cha mkanda, unahesabu kinapita mara ngapi kwa dakika moja. Ukijua urefu wa mkanda na mzingo wa puli, umejua mizunguko. Niliifanya ile hesabu kabla ya kuwasha. Kama mashini itakwenda mia nne, kitambaa kitapita mara sitini na mbili na sehemu kubwa ya sitini na tatu. Niliiandika, nikaikunja karatasi, nikampa kapita aiweke mfukoni bila kuisoma. Nikamwomba Ramazani ahesabu yeye. Sikumwambia namba.

Tukawasha. Mashini ikaunguruma, ile sauti yake ya zamani, nzito. Kapita akashika saa, akainua mkono. Ramazani akakaza macho kwenye kitambaa, midomo yake ikitembea. Mkono wa kapita ukashuka.

"Sitini na mbili," alisema Ramazani. "Ile ya sitini na tatu nimeiona inakuja, haikufika."

Kapita akafungua karatasi. Alisoma, akaisoma tena, akamsomea Ramazani kwa sauti. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, nimeona ndege zikitua na mota kubwa kama nyumba, lakini hakuna kilichonigusa kama lile. Nilikuwa nimefuta herufi kwa chaki juu ya kilima cha Fizi, na chini kabisa, kando ya ziwa, mti na ngozi na chuma vikatii.

Tulichambua pamba yote iliyobaki kwa siku kumi na moja. Mvua ya kwanza ilinyesha juu ya bati wakati tunashona magunia ya mwisho. Mzungu aliporudi, amekonda, aliipima ile puli, akauliza ni mzungu gani alipita hapa. Kapita akamjibu hakupita mtu.

Lakini ninachotaka kuwaachia si hicho. Ni siku moja baadaye, mchana, mashini imezimwa kwa chakula. Ramazani aliniita nikae karibu naye. Vitambaa vilikuwa vimebaki kwenye mkono mmoja tu. Mbele yake kulikuwa na ubao wa mvule uliosafishwa.

"Niandikie ule mustari," alisema. "Unionyeshe vile D ilitoka."

Nikaandika kwa mkaa, nikamweleza kila herufi ni kitu gani, pale kwenye mashini, kwa kidole. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi, maana yeye vitu vyenyewe alivijua tayari, alikuwa anapungukiwa majina tu.

"Na kama ni puli ya mashini ndiyo inapasuka, hii d kadogo? Inatoka?"

"Inatoka, Fundi." Tukaitoa pamoja.

"Na mota ikipoteza kibao yake?"

"N pia inatoka." Hiyo aliitoa yeye. Alisema nizidishe nini, nigawanye kwa nini, pande zote mbili, na mimi nikaandika tu.

Ikawa mistari minne juu ya ubao. Aliitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Mi nilikuwa nachonga puli tatu kwa kupata moja," alisema. "Naifunga, naisikia, naitoa, nachonga tena. Miaka kumi na ine. Na hii ilikuwa humu tu."

Akaniangalia.

"Nani alitangulia kuiona?"

"Sijui, Fundi. Zamani sana."

"Ilikuwa mutu?"

"Mtu."

"Mutu kama sisi?"

"Kama sisi."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akanyoosha ule mkono uliopona, ngozi yake mpya bado laini na nyekundu kama ya mtoto, akaupitisha juu ya mistari ile polepole, kutoka wa kwanza mpaka wa nne, kama anavyopitisha juu ya puli kutafuta tumbo, akijihadhari asifute hata herufi moja.